Wifi, ufunguo bado anao

Wifi yangu, shikamoo. Kaka yako ameniambia umeuliza tena kama yule dada wa usafi bado anakuja. Anakuja, Jumanne na Ijumaa kama zamani, na ufunguo wa geti na wa mlango wa jikoni anao yeye. Naandika huku kwa sababu simu zangu hupokei.

Wewe ndiye uliyenikanda maji ya moto nilipojifungua, ukanikorogea uji wa pilipili manga usiku wa manane. Kwa heshima hiyo ndiyo maana siku ya kuanua tanga sikukufokea mbele za watu.

Bahasha ya rambirambi ya kina mama wa jumuiya haikuonekana, na chumba ilimokuwa walishaingia watu mpaka wa mtaa wa pili. Hukuuliza daftari la rambirambi lilikuwa kwa nani. Ukamwita yeye, aliyeinamia masufuria uani tangu alfajiri, ukamwambia amwage mkoba wake mkekani. Kikatoka kitenge, kopo la mafuta ya mgando, nauli ya kurudia Gongo la Mboto iliyofungwa kwenye pindo la khanga, na mfuko wa pilau niliyomfungia mimi mwenyewe apelekee wanawe. Ukaufungua na huo, wifi. Ukachokoachokoa kwa kidole chakula cha watoto wa mtu, na wageni wanatazama.

Bahasha mpaka leo haijaonekana. Aliyeichukua simjui, na wewe humjui.

Nasikia na wewe sasa unatafuta mtu wa kukusafishia. Basi chukua nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa wake na namba ya mdhamini. Mwandikie mkataba, sheria ya ajira ya 2004 haikubagua kazi za ndani, na wana chama chao, CHODAWU, cha kuwasemea. Mshahara mpe kabla hajaukumbushia. Unamkopa mtu jasho lake miezi miwili halafu unamwachia nyumba, hapo unategemea nini?

Na chumba cha kulala kifunge. Najua utadakia, "kumbe na wewe humwamini!" Nafunga ili siku kitu kikipotea asipatikane wa kumnyooshea kidole. Namkinga na wageni wangu, na wewe ukiwemo. Wiki ile ile alikuja kurudisha ufunguo, macho yamemvimba. Nikaukataa, muulize kaka yako alikuwepo. Ningeupokea, si ningekuwa nimekubali kwamba ni mwizi? Ulitaka nifanyeje?

Nasikia unakuja Ijumaa kumwona mwanao. Karibu sana, anakuulizia kila siku. Mimi nitakuwa kazini mpaka jioni, kwa hiyo geti atakufungulia yeye na chai atakupikia yeye. Umsalimie wewe kwanza.