Yah: Malalamiko Kuhusu Kikombe cha Fedha Kilichofutwa Chapa

Ndugu Meneja,

Tarehe 3 Machi niliacha katika karakana yenu kikombe cha fedha cha zamani, kilichotengenezwa China kwa ajili ya wanunuzi wa nchi za Magharibi, na kazi niliyoomba, kama risiti inavyoonyesha, ilikuwa moja tu: kuulehemu upya mkono wake wenye umbo la joka, uliokuwa umeachia upande wa chini. Nilipokifuata wiki mbili baadaye mkono ulikuwa imara, ila kikombe chenyewe kilikuwa kimesuguliwa kwa mashine na kupakwa fedha mpya kwa umeme, bila mtu yeyote kuniuliza.

Fundi wenu alinieleza, kwa nia njema nadhani, kwamba alitaka king'ae kama kipya. Hapo ndipo penye hasara. Weusi uliokuwa umetulia katikati ya majani ya mianzi ndio uliofanya nakshi ionekane. Sasa magamba ya joka yamelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Kitakoni ni vibaya zaidi. Palikuwa na herufi WH, za duka la Wang Hing lililouza vyombo hivi Canton na Hong Kong; namba 90, yaani sehemu 900 za fedha safi katika 1,000; na chapa ndogo ya maandishi ya Kichina. Hiyo ya mwisho niliithamini kuliko zote, kwa sababu Wang Hing walikuwa wauzaji walioagiza kazi kutoka karakana mbalimbali, na maandishi yale ndiyo yaliyoitambulisha karakana yenyewe. Leo WH inasomeka kwa taabu ukikiinamisha kikombe kwenye mwanga, na ya Kichina haipo.

Mkisema ni macho yangu, basi itazameni mizani: risiti yenu imeandika gramu 186 siku ya kupokea, nami nimekipima kwa sonara mwingine nikapata gramu 182, pamoja na lehemu na fedha mliyoongeza.

Naomba mnirudishie shilingi 85,000 nilizolipa, mnipe maelezo yaliyosainiwa ya kila kilichofanyika, ili atakayekirithi au kukinunua asidhani nilimficha, na mnifidie thamani iliyopotea baada ya kukaguliwa na mthamini tutakayekubaliana. Pendekezo la fundi la kuichonga upya chapa ile silikubali kabisa, kwani chapa itakayochongwa leo ni ya kughushi, na tafadhali asilirudie kwa mteja mwingine.

Naambatisha nakala ya risiti na picha za kitako nilizopiga kabla ya kukileta. Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mteja