Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu Utumishi: mfundisheni anayeshika faili

Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Dodoma.

YAH: MAFUNZO YA MAAFISA UTUMISHI WA HALMASHAURI

Ndugu Katibu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. (Nimestaafu, lakini mkono bado unaandika hivyo wenyewe.)

Nimekuwa afisa utumishi kwenye halmashauri za Arusha na Kilimanjaro hadi nilipofikisha miaka 60. Ombi langu ni moja: fedha za mafunzo ziwafikie kwanza maafisa wa madaraja ya chini, wale wanaoshika mafaili na kuingiza taarifa kwenye mfumo wa kompyuta wa taarifa za watumishi.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Mwalimu amepanda kutoka TGTS D kwenda E, yaani ngazi za mishahara ya walimu, na barua yake imetoka. Afisa wa daraja la II anafungua faili, anatafuta barua ya ajira na ya kuthibitishwa kazini, anakagua cheki namba (namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara), jina kama lilivyo kwenye vyeti na tarehe ya kuzaliwa, anahakikisha nafasi ipo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), ndipo anaingiza mabadiliko na kuambatisha nyaraka. Akikosea tarehe tu, yanarudishwa. Mishahara ya mwezi ikishafungwa, mwalimu anasubiri mwezi ujao, tofauti inageuka malimbikizo, nayo malimbikizo yana foleni yake. Kosa la tarehe ya kuzaliwa ndilo baya zaidi: linaweza kulala kwenye faili miaka na miaka, likaamka siku mtu anafuatilia mafao yake PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma.

Sasa afisa huyo amejifunza wapi? Kwa simu. Nimemwona binti wa daraja la II, simu iko mezani spika imewashwa, mwenzake wa halmashauri ya jirani anamwelekeza: "Usibonyeze hapo. Rudi nyuma, ambatisha barua kwanza." Mwalimu mwenye shida amesimama mbele yake, anasikia yote. Na semina ya mfumo ule ilikuwa imeshafanyika. Alikwenda mkuu wa idara, ambaye hana hata akaunti ya kuingizia taarifa, akarudi na begi na kabrasha. Kabrasha likafungiwa kabatini.

Sababu tusifichane. Posho ya kujikimu hulipwa kwa cheo, na mafunzo ya Dodoma au Dar es Salaam ni wiki nzima ya kulala nje. Fedha za matumizi mengineyo zikija kidogo zinamtosha mtu mmoja, na mtu huyo anajulikana kabla barua ya mwaliko haijafunguliwa.

Dawa iko karibu. Njiro kuna Chuo cha Uhasibu Arusha, na kuna ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambako watumishi wa serikali za nchi nyingine za Afrika hupanda ndege kuja kusoma. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika. Chuo cha Utumishi wa Umma kina walimu wanaoijua kazi, ila kampasi zake ziko Dar es Salaam, Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya. Waleteni walimu hao Njiro na Moshi wanafunzi wakiwa likizo, wapewe vyumba vya kompyuta. Afisa wa Meru au Hai atapanda gari asubuhi na jioni atalala kwake. Wa Longido, Loliondo na Same walipiwe malazi. Posho ikishakuwa ndogo, naamini wakubwa wengi watakuta wana kikao siku hiyo.

Mafunzo yenyewe yasiishie kwenye mfumo. OPRAS, utaratibu wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi, ilipoondoka ikaja PEPMIS ya kwenye kompyuta, walimu na waganga wa zahanati za pembezoni walikuja kwetu kuuliza, nasi tulikuwa tunajifunza palepale pamoja nao. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni hili: Aprili 2017, orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi ilipokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma, nchi nzima ilisikia hiyo idadi. Watu wenyewe walikuja milangoni kwetu. Mmoja anauliza mshahara wa mwezi huu vipi, mwingine kashika cheti mkononi anasema ameonewa, anataka kukata rufaa. Sheria tuliijua. Namna ya kumketisha mtu wa hivyo, kumweleza hatua za rufaa bila kumdanganya wala kumkaripia, kila mmoja wetu alijibunia yake. Wapo waliomaliza mambo dirishani.

Halafu kuna suala la maafisa wenyewe kupanda. Mganga hajigangi. Wao ndio wanaoandaa tange (orodha ya watumishi kwa vyeo na ukubwa kazini) ya kila kada, wanajua nani kakwama daraja moja tangu lini, lakini wapo wenye shahada ya uzamili waliyojilipia wenyewe ambao bado wanapokea fomu za likizo mapokezini. Wengine wanakaimu ukuu wa kitengo mpaka kukaimu kunazoeleka, wanasaini na kulaumiwa, kisha mwenye cheo anapopatikana wanarudi meza ya zamani bila hata barua ya asante. Kijana mzuri akiona hivyo anahama kada, na aliyebaki ndiye atakayeshika faili lako.

Ndugu Katibu Mkuu, halmashauri zinapoandaa bajeti ya mwaka ujao wa fedha, waagizeni wakurugenzi watenge fungu la mafunzo ya maafisa wa daraja la II na la I, na mpango wa mafunzo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo watumishi wote wauone. Taarifa ya utekelezaji ikifika kwenu, idadi ya waliohudhuria haitoshi. Dai na vyeo vyao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Afisa Utumishi mstaafu,
Moshi.

Nakala: Katibu Tawala wa Mkoa, Arusha
Katibu Tawala wa Mkoa, Kilimanjaro