Shajara iliyolala inaamshwa hivi

Ndugu Mhariri,

Nawaomba walioacha kuandika shajara baada ya kuhama, kuoa, kuzaa au kufiwa wasinunue daftari jipya. Rudini kwenye lilelile. Rukeni ukurasa mmoja, andikeni tarehe ya leo, kisha mistari kumi tu juu ya yaliyopita. Wengi hukwama hapa: wanataka kujaza miaka mitatu kwa usiku mmoja, wanachoka, daftari linarudi sandukuni.

Tarehe zitafuteni kwenye kadi za kliniki, risiti na jumbe za miamala ya simu. Kila tukio la zamani lipewe tarehe mbili: lilipotokea na lilipoandikwa. Hapa Ujiji tunajua hasara ya tarehe kupotea. Kumbukumbu za wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley hazipatani juu ya siku waliyokutana hapa mwaka 1871, na ubishi haujaisha.

Baada ya hapo, mistari mitano kila jioni yatosha. Tumieni penseli, maana wino wa maji husambaa karatasi ikipata unyevu wa mvua. Na daftari lisikae sakafuni. Mchwa huanza na jalada la chini.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma