Barua ya wazi kwa mpwa wangu: EGM au HGE?

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku, unaouliza kidato cha tano uende tahasusi (mchepuo wa masomo matatu) ipi, EGM au HGE, nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, pale uliposema, "Anko, kwani EGM si kujitafutia kifo?" Mara ya pili nikamsikia mama yako kwa nyuma akikuambia uchague HGE uachane na makuu. Mara ya tatu sikucheka, maana woga ule naujua. Najibu hapa hadharani kwa sababu kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, watoto wa watu wengine nao huniuliza hivyo hivyo, na nimegundua kwamba miaka yote hii nimekuwa nikiwapa nusu ya jibu.

Una C ya hesabu, B ya jiografia na A ya historia. Unataka kusoma uchumi chuoni. Tahasusi zote mbili zina uchumi, zote zina jiografia. EGM inaongeza Advance, yaani hesabu za juu. HGE inaongeza historia, halafu inakuwekea BAM, hesabu za msingi, pembeni kama kachumbari: ukila sawa, usipokula sawa. Ndivyo tunavyoichukulia, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Wengi hawajui kwamba kalkulasi ipo kote kuwili. Hesabu za Form Four ulizofanya hazikuwa nayo hata chembe, kwa hiyo hiyo C yako haijasema lolote kuhusu wewe na kalkulasi. Kwenye BAM, karatasi moja tu ya saa tatu, utajifunza kudifarenshieti na kuintegreti vitu vyenye adabu: kilele cha mchoro kiko wapi, eneo lililo chini yake ni kiasi gani. Advance ni karatasi mbili, saa tatu kila moja, na humo kuna maswali yasiyo na adabu.

Nakupa moja. Bwenini nililala kitanda cha juu, chini yangu jamaa wa EGM. Usiku mmoja alikuwa anaintegreti e kwa kipeo cha x mara sine ya x. Akaintegreti kwa sehemu, likazaliwa swali jingine, lenye cosine. Akaintegreti tena, likarudi lile lile aliloanza nalo. Akachana karatasi. Akaanza upya, likarudi tena. Kipanga mmoja wa Form Six akapita na ndoo yake ya maji, akachungulia, akasema, "Si ulihamishie upande wa kushoto? Yawe mawili, ugawe kwa mbili." Akaenda zake kuoga. Jamaa yangu akakaa anatazama karatasi kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe, halafu akaanza kucheka peke yake. Mimi huku juu nikamshukuru Mungu kwamba nasoma HGE.

Sasa sikiliza yaliyonipata mimi. Kwenye uchumi tulifundishwa kwamba mchoro wa MC unaukata mchoro wa AC pale AC inapofika chini kabisa. MC ni gharama ya kuzalisha kitu kimoja zaidi, AC ni gharama ya wastani. Utayachora hayo mpaka uyaote. Niliuchora mchoro ule miaka miwili, kwa rula na penseli, na alama nikapata. Kwa nini unakata pale na si kwingine, sikuwahi kujua, wala sikuwahi kuuliza. Nilikariri kama nilivyokariri tarehe za Vita vya Majimaji.

Mwaka wa kwanza chuoni mhadhiri akaandika ubaoni: AC ni gharama yote gawanya kwa idadi. Akaidifarenshieti, akaiweka sawa na sifuri, akasafisha. Ikabaki MC sawa na AC. Mistari mitatu! Wale wa EGM walikuwa wanapiga stori, maana kwao hilo lilikuwa jambo dogo. Mimi nilipatwa na hasira.

Hasira yenyewe si kwa sababu sikusoma Advance. Kanuni aliyoitumia, ile ya kudifarenshieti kitu kilichogawanywa kwa kingine, imo kwenye BAM. Nilikuwa nayo kwenye daftari. Ila BAM haiingii kwenye pointi za divisheni, kwa hiyo kipindi chake tulikuwa tunalala, na mwalimu naye hakuja mara nyingi. Tulikuwa tunaamka wiki mbili kabla ya mtihani kutafuta madesa. Mhadhiri yule alipofika kwa Lagrange, njia ya kutafuta kilele ukiwa umewekewa mipaka, mimi bado nilikuwa nahangaika na mambo ya Form Five.

Mama yako hajakosea lakini. Tufanye hesabu ya baba na mama, ukikumbuka kwamba pointi chache ndizo nzuri. HGE ukitoka na B, C, C ni pointi 8, divisheni ya kwanza. EGM ukitoka na B, C, halafu Advance ikakupa E, ni pointi 10, umeshuka hadi ya pili. Advance ikikupa S, hiyo haihesabiwi kuwa ufaulu kamili wa kuombea chuo, umebaki na masomo mawili tu ya kujitetea. Nimewaona waliokwenda EGM kwa sifa, wakatoka wanaichukia hata namba ya simu. Upande wa pili, siku ukiamka ukasema uchumi basi, unataka takwimu au akchuari (hesabu za bima), mwenye HGE huko hupata shida kupita.

Mimi ningekupeleka EGM. Ningetaka tu ujue kwanza kama shule utakayopangiwa ina mwalimu wa Advance anayeingia darasani. Usimuulize mkuu wa shule. Tafuta aliyemaliza pale mwaka jana akuambie ukweli. Kama mwalimu huyo hayupo, nenda HGE, na BAM uisome kama somo la nne, usiipe likizo.

Usikimbilie kubadilisha tahasusi kwenye mfumo wa TAMISEMI, wale wanaopanga wanafunzi shuleni; usibonyeze kitu kwa sasa. Kuna tuisheni ya pre-form five karibu na stendi pale. Lipa wiki mbili za Advance, nitakutumia hela. Sitakuuliza umepata ngapi. Nitakuuliza swali lililokushinda jioni ulilirudia asubuhi, au ulimwachia mwenzako akufanyie.

Jumamosi njoo nyumbani na daftari jipya. Tutaanza na MC na AC. Mama yako mwambie nitampigia mwenyewe, asije akadhani nakuchochea.

Mjomba wako