Aspirini kwenye nyanya: mapishi bila kipimo yanaunguza majani

Mhariri,

Ushauri unaozunguka kwenye makundi ya simu, kwamba mkulima wa nyanya ayeyushe aspirini anyunyizie majani, si upuuzi mtupu. Kinachokosekana ni kipimo, na bila kipimo majani yanaungua.

Msingi wake upo. Mwaka 1979 Raymond White wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alionyesha kwamba tumbaku iliyopewa aspirini ilipata kinga dhidi ya kirusi cha batobato ya tumbaku. Aspirini ikishaingia kwenye jani hugeuka asidi ya salisiliki, homoni ambayo mmea hujitengenezea wenyewe unapovamiwa. Homoni hiyo hupandisha kidogo haidrojeni peroksaidi ndani ya seli, na hicho ndicho king'ora: protini za kinga huanza kutengenezwa, mpaka kwenye majani ambayo hayajaguswa na ugonjwa. Peroksaidi hiyohiyo ikizidi huharibu utando wa seli. Ndiyo maana jani lina vimeng'enya vya kuizima, kama katalesi, na pia peroksidesi inayotumia vitamini C ndani ya kloroplasti.

Sasa hesabu. Kidonge cha miligramu 300 kina milimoli 1.67 za aspirini (milimoli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Vidonge vitano kwenye bomba la lita 20 vinatoa takribani milimoli 0.4 kwa lita, kiwango kilicho ndani ya vile vinavyotumika sana kwenye majaribio ya asidi ya salisiliki, milimoli 0.1 hadi 1. Lakini yupo anayeandika "vidonge sita kwa lita moja". Hiyo ni milimoli 10, mara 24 zaidi! Kwa wingi huo king'ora hakizimiki, na homoni yenyewe inaweza kuibana katalesi isifanye kazi. Utaona kingo za jani zinakauka na kuwa kahawia, na vidoa vya duara pale matone yalipokaa.

Saga vidonge, yeyusha kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, kisha chuja kwa kitambaa, kwa sababu wanga wa kidonge huziba nozeli. Jaza maji hadi lita 20, nyunyizia jioni, na anza na miche michache usubiri siku tatu. Usichanganye na dawa za kopa: maji yenye asidi huyeyusha kopa nyingi kuliko inavyotakiwa, nayo inaunguza. Wala usirudie kila wiki, maana mmea unaojilinda muda wote unakua kwa shida. Na hii si tiba. Mche ambao tayari una rasta, ugonjwa wa virusi unaokunja majani, hauponi.

Kuna jambo ambalo wasambazaji wa ushauri huu hawaligusi kabisa, nalo ni kantangaze, kiwavi anayechimba mifereji ndani ya majani ya nyanya. Mdudu anapotafuna jani, nyanya hutumia homoni nyingine, asidi ya jasmoniki, kutengeneza protini zinazomvurugia mmeng'enyo. Homoni hizi mbili mara nyingi hukandamizana. Zaidi ya hapo, aspirini huzuia jani la nyanya lisijibu jeraha, jambo lililopimwa tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo shamba lenye mifereji ya kantangaze kwenye majani, ukilipiga aspirini, unaupunguzia mmea silaha unayoihitaji wakati huohuo. Hata bakajani wahi si mahali pake, kwa kuwa kuvu wake hula tishu zilizokufa. Bora ifikiriwe kwa ubwiri unga, tena kabla haujaingia.

Vimeng'enya navyo vinahitaji madini. Katalesi hubeba chuma; vile vinavyoanza kazi kabla yake, vya kugeuza oksijeni kali kuwa peroksaidi, hubeba kopa na zinki, au manganizi, au chuma. Majani machanga yakiwa ya njano katikati ya mishipa iliyobaki kijani, shughulikia upungufu wa madini hayo kwanza.

Mwisho, soma pakiti. Vidonge vya 75, 300 na 500 vyote huitwa aspirini. Lengo ni miligramu 1,500 kwa bomba la lita 20: yaani 20 vya 75, vitano vya 300, au vitatu vya 500. Vyenye ganda la kulinda tumbo haviyeyuki vizuri, na vilivyochanganywa na kafeini au parasetamo viacheni dukani.

Mdau wa afya ya mimea,
Morogoro