Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya: Maonyesho ya Lamu Yafuate Msimu wa Wenyeji

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Baada ya salamu na heshima, nakuandikia kuhusu Makumbusho ya Lamu na Ngome iliyo katikati ya mji. Ombi langu ni kwamba maonyesho na mihadhara ipangwe kwa kufuata maisha ya watu wa kisiwa hiki, na kwamba wanaoalikwa kuzungumza wawe, kwanza kabisa, wale wanaozijua kazi hizo kwa mikono yao.

Kaskazi, msimu wa upepo utokao kaskazini, hutuletea wageni, na ni haki wakaribishwe vyema. Lakini kusi, upepo utokao kusini, linapokaza, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, vyombo vingi hubaki vimetia nanga, na wavuvi hupata nafasi ya kukaa barazani. Huo ndio msimu wa mihadhara. Ifanyike baada ya sala ya isha, bila kiingilio kwa wenyeji, na akina mama watengewe siku zao ili waulize na kujibu kwa uhuru.

Tazama siwa mbili, yaani baragumu kubwa za kupulizwa, ambazo taasisi yako imekabidhiwa kuzitunza, ile ya Pate ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba. Zilikuwa alama za enzi, zikipulizwa katika harusi na sherehe nyingine za watu wa nasaba kubwa. Kijana wa skuli anayeziona nyuma ya kioo ataondoka akijua umbo lake, lakini hatajua ni nani aliyekuwa na haki ya kuagiza zipulizwe, wala nani alinyimwa haki hiyo na kwa nini. Suala hilo lina uchungu kwa baadhi ya familia, na ndiyo sababu linahitaji mzee wa kulisimulia na hadhira ya kumuuliza.

Vivyo hivyo mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka. Mafundi wa kijiji cha Matondoni, ambao wangali wakiunda majahazi, wanaweza kueleza mbele ya watu jinsi mbao zinavyotobolewa na kushonwa, na tofauti iliyopo kati ya chombo cha mshono na cha misumari bahari inapokipiga. Fundi wa chokaa naye azungumzie zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akiwa ndani ya nyumba yenye zidaka. Watu hawa walipwe kama anavyolipwa mhadhiri wa chuo kikuu, kwa kuwa siku anayotupa fundi ni siku ya riziki yake, na maneno yao yarekodiwe kwa lahaja zao za Kiamu, Kipate au Kibajuni kama walivyoyatamka.

Ngome yenyewe inastahili maonyesho yake. Ilianza kujengwa mwaka 1813, ikakamilika 1821, na baadaye ikawa jela hadi mwaka 1984. Kwa hiyo wapo watu wazima wanaoikumbuka kama jela, na kumbukumbu zao zinafaa kukusanywa sasa, wenyewe wakiwa hai.

UNESCO ilipouingiza Mji wa Kale katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ilizingatia kwamba watu wanaendelea kuishi humu kwa mila zao. Wala Lamu si kisiwa kimoja. Naomba maonyesho madogo yapakiwe mashuani hadi Siyu, Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate, kwa sababu mengi tunayojivunia mjini asili yake ni huko.

Kwa kuanzia, naomba ratiba ya kusi lijalo itangazwe kabla ya mwezi wa Mei na ibandikwe mlangoni pa Ngome, ikiwa na majina ya mafundi na wazee watakaozungumza.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Langoni, Lamu