Besi na drams hawasindikizi mtu

Ndugu Mhariri,

Makala ya muziki katika toleo lenu la Jumamosi iliyopita imenifanya nishike kalamu. Mwandishi wenu alieleza kwamba makundi ya jazi ya piano kutoka Ulaya ni muziki wa kulia chakula hotelini, na kwamba mpapasa kinanda ndiye mwenye muziki, wale wawili nyuma yake, wa besi na wa drams, wanamsindikiza tu. Mimi ni mpiga besi. Nimepiga kwenye bendi za dansi na za maharusi hapa Tanga tangu ujana wangu, na neno hilo la kusindikiza nimelisikia mpaka limenichosha. Lakini leo nawasemea watu watatu wa Sweden ambao neno hilo haliwagusi hata kidogo.

Kundi lao liliitwa Esbjörn Svensson Trio, lilianza mwaka 1993. Svensson alipapasa piano, Dan Berglund akacharaza besi, Magnus Öström akakung'uta drams. Svensson na Öström ni marafiki wa utotoni kutoka Skultuna, mji mdogo karibu na Västerås. Mama yake Svensson alipiga piano ya klasiki, baba alikuwa mpenzi mkubwa wa jazi. Berglund alikuja na masikio yaliyoshiba roki. Basi kwa miaka 15 hakutoka mtu wala hakuingia mtu. Sisi tuliokulia kwenye bendi ambazo mpiga solo anaamkia hapa na kulala kwa wapinzani tunajua hilo ni jambo zito. Baadaye jina la kundi wakalifupisha, likawa e.s.t. kwa herufi ndogo, na tungo wakaziandikisha kwa majina ya wote watatu. Piano ndiyo iliyolipa kundi jina, lakini kazi iligawanywa sawa.

Mwandishi wenu achukue santuri yao ya mwaka 2006, Tuesday Wonderland, asikilize wimbo wa kwanza tu. Piano inaanza taratibu, pole kabisa, na mtu asiyewajua atadhani ndiyo hayo ya hotelini. Ghafla besi linaingia kwa kishindo, limechafuliwa sauti makusudi, linanguruma kama gitaa la umeme la bendi ya roki, na ile piano ya upole inafunikwa kabisa. Mwenye kusindikiza hafanyi hivyo. Na besi lenyewe si la umeme kama langu. Ni lile besi kubwa la mbao linalosimamishwa sakafuni, ambalo wapenzi wa taarabu asilia ya Zanzibar wanalijua vizuri. Berglund huchukua upinde, hulikwaruza kama fidla, kisha huipitisha sauti kwenye pedali za gitaa, vile vidude vya kukanyaga vinavyobadili sauti. Nyuzi nene kiasi kile zikivutwa kwa upinde halafu zikapita kwenye pedali, sauti inayotoka huwezi kuiita besi wala gitaa. Mimi nimepiga besi miaka mingi na sijawahi kuthubutu jambo kama lile jukwaani.

Öström naye alisikiliza midundo ya kasi ambayo vijana wa London walikuwa wakiitengeneza kwa mashine miaka ya 1990, kisha akaipiga kwa mikono yake miwili, kwa brashi na fimbo nyembamba. Svensson alikuwa akiingiza mkono ndani ya piano na kubana nyuzi, kinanda kikageuka karibu ngoma. Hata fundi mitambo wao, Åke Linton, alihesabiwa kuwa mtu wa nne, kwa sababu mwangwi na mikwaruzo aliitia yeye wakati onyesho likiendelea. Ni magazeti mangapi yetu yamewahi kutaja fundi mitambo?

Mwandishi pia alisema Wazungu wanaiga Wamarekani. Jazi imezaliwa Marekani, hilo halina ubishi, na e.s.t. wenyewe walirekodi santuri nzima ya tungo za mpiga piano wa Kimarekani Thelonious Monk mwaka 1996. Lakini Sweden ina njia yake ya zamani. Mwaka 1964, ndio mwaka aliozaliwa Svensson, mpiga piano Jan Johansson alitoa santuri ya nyimbo za asili za Kiswidi, yeye na mpiga besi Georg Riedel basi. Piano na besi, hakuna mwingine. Toka hapo besi lilikuwa na kiti chake mezani. Na Wamarekani wenyewe walikubali: Mei 2006 jarida lao la jazi, DownBeat, liliwaweka e.s.t. kwenye jalada, kundi la kwanza la jazi la Ulaya kupewa nafasi hiyo.

Tarehe 14 Juni 2008 Svensson alifariki akipiga mbizi baharini karibu na Stockholm, akiwa na miaka 44. Berglund na Öström hawakutafuta mpiga piano mwingine. Wapiga piano hodari wamejaa Ulaya, na mwenye kudhani kwamba wawili hawa ni wasindikizaji angetegemea wapate wa kumsindikiza. Wao walilifunga kundi, kila mmoja akaanzisha kazi yake. Mwaka 2022 zilitoka rekodi ambazo Svensson alijirekodi peke yake nyumbani, mke wake akazikuta baadaye. Ni nzuri mno, nazipenda, lakini ukizisikiliza unajua mara moja kwamba ile sauti ya e.s.t. haimo humo. Ilihitaji wote watatu.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Kurasa zenu za burudani huandika jina la mwimbaji, picha ya mwimbaji, ugomvi wa mwimbaji na meneja, halafu waliobaki wote mnawaita "bendi yake". Andikeni majina: nani kwenye solo, nani kwenye rithimu, nani besi, nani tumba, nani drams, nani kwenye mitambo. Hayazidi mistari miwili. Mpiga besi akifariki, watoto wake wapate hata kipande cha gazeti chenye jina lake.

Na kwa msomaji anayetaka kuwajua hao watatu, aanze na onyesho lao la Hamburg la Novemba 2006, lililotolewa mwaka 2007. Asilisikilize kwa spika ya simu, maana besi lote litapotea na atakubaliana na mwandishi wenu. Aazime redio yenye spika za maana, afungulie kwa nguvu.

Mpiga besi,
Tanga